Mwaka Nilipojifunza Neno Spread

Jumapili iliyopita nilikwenda mtaa wa Kikula kumwona Mama Ngalula, ambaye amerudi Likasi baada ya kukaa miaka kumi na miwili kwa binti yake kule Ndola, ng'ambo ya mpaka. Watoto wake walikuwa wamemwandalia chakula cha kumkaribisha: bukari, yaani ugali wetu, iliyokuwa bado inatoa mvuke, majani ya muhogo tunayoyaita sombe, yenye mawese, na samaki tomsoni aliyekaangwa mpaka mkia ukawa unavunjika kama biskuti. Mwenyewe aliketi kwenye kochi karibu na dirisha, amepungua mwili, miguu imewekwa juu ya kiti kidogo, lakini sauti ni ileile niliyoiacha. Mjukuu wake mmoja, msichana wa sekondari ambaye mimi ndiye mwalimu wake wa Kiingereza, aliniuliza tulifahamiana vipi mimi na bibi yake, maana mimi ni Mwislamu ambaye baba yake alikuja na lori kutoka Maniema, na yeye ni Mkatoliki wa watu wa Kasai, na hatukuwahi kukaa mtaa mmoja. Kabla sijafungua mdomo, Mama Ngalula akajibu kwa neno moja: "Spredi." Kisha akacheka hadi akajishika ubavu, nami nikacheka naye, na yule msichana akabaki anatutazama kwa zamu kama mtu aliyeingia sinema katikati ya filamu. Nilimwahidi kwamba nitamweleza vizuri. Ninaandika haya ili niitimize ahadi hiyo, na pia kwa sababu ulikuwa mwaka mzuri kuliko nilivyojua wakati nikiuishi.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, nimemaliza shule, nina diploma mkononi na sina pa kuipeleka. Mji ulikuwa umeanza kupokea wageni tena. Walikuja wapima ardhi, mafundi wa mitambo na wataalamu wa mawe kutoka Zambia, Afrika Kusini na mbali zaidi, na wengi wao walisema Kiingereza tu, lugha ambayo kwetu mtu aliisikia redioni au mpakani. Nyumba ya wageni iliyoniajiri ilikuwa katikati ya mji. Ilikuwa nyumba ya zamani ya Wabelgiji, ina veranda ya saruji nyekundu iliyopigwa nta kila Jumamosi, vyumba vitano vya kulala, na chumba cha kulia chenye meza ndefu ya mbao nzito iliyotosha watu kumi na wanne. Madirisha ya chumba hicho yalielekea barabara inayopitwa na malori ya chokaa ya Kakontwe, na vumbi jeupe lilitua juu ya meza hata tukifunga kila kitu, kwa hiyo niliipangusa mara tatu kwa siku. Ninaikumbuka meza ile kuliko ninavyozikumbuka sura za wageni wengi. Msimamizi wa nyumba, Papa Sylvain, alikuwa karani mstaafu, mwanamume mwembamba wa suruali zenye mkunjo mkali wa pasi, aliyeogopa malalamiko ya wageni kuliko ugonjwa. Alinichukua kwa sababu nilikuwa nimesoma Kiingereza miaka miwili shuleni. Nilipomwambia ukweli kwamba ninachokijua ni kidogo, alisema kidogo kinatosha, wengine humu ndani hawana hata hicho. Tangu siku hiyo akawa ananitambulisha kwa wageni kama mtafsiri wa nyumba, nami nikaanza kutembea kama mtafsiri wa nyumba.

Mama Ngalula ndiye aliyekuwa mpishi. Wakati huo alikuwa na miaka hamsini na kitu, mwanamke mpana, mtulivu, mwenye kitambaa cha kichwa kilichofungwa chini karibu na nyusi. Alizaliwa hapahapa Likasi, akaolewa hapahapa, akazaa watoto watano, na hakuna aliyewahi kumkalisha darasani. Jiko lake lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya bati, na ingawa msimamizi alikuwa amemnunulia jiko la gesi, mambo ya maana aliyapika kwenye mbabula za mkaa, akisema gesi inapika haraka na chakula hakipati nafasi ya kufikiri. Asiyejua kusoma hulazimika kukumbuka, na yeye alikumbuka kila kitu. Mgeni aliyewahi kulala siku mbili akirudi baada ya miezi minne, Mama Ngalula alijua alikaa kiti gani, aliacha nini kwenye sahani, na kama chai yake ilikuwa na maziwa. Saa nane mchana, wageni wakiwa kazini, tulikaa kwenye vibao viwili jikoni tukala bukari yetu na mboga ya lengalenga au dagaa wa kapenta, akinisimulia habari za watu wa mtaani kwake kana kwamba nawajua wote. Mwezi wa mfungo ulipoingia hakuniuliza maswali. Alianza tu kula peke yake, akinipa mgongo, na jioni jua likitua nilikuta sahani yangu imefunikwa, yenye chakula kilichopikwa kwenye sufuria ambayo nyama ya nguruwe haikuwahi kuingia. Sufuria hiyo aliiwekea alama ya uzi mwekundu kwenye mshikio.

Madamu Ruth alifika mwanzoni mwa mvua. Alikuwa mtaalamu wa mawe, mwanamke wa miaka sitini, nywele nyeupe zilizokatwa fupi, viatu vizito, na suti moja tu ya kuvaa mezani. Kila siku kabla ya mapambazuko alikwenda kwenye ardhi ya migodi ya Kambove na dereva wake, Ba Mwansa, mtu wa Kitwe ambaye alisema Kibemba na Mama Ngalula, Kiingereza na wageni, na Kiswahili au Kifaransa kidogo na sisi wengine. Walirudi jioni na mifuko midogo ya mawe na udongo. Asubuhi yake ya kwanza, Madamu Ruth alishika mkate akaniomba spread. Nilisimama. Alifanya kama anapaka kwa kisu, nikaelewa, nikakimbia jikoni kumletea siagi ya karanga. Baadaye, kwenye daftari langu la shule nililoligeuza kamusi, niliandika kwamba spread ni kitu cha kupaka mkate. Wiki moja baadaye baridi ilishuka ghafla, naye akasimama mlangoni mwa chumba chake akaniomba spread nyingine. Nilimletea kopo la siagi ya karanga, kisu na sahani, vyote juu ya trei, hadi chumbani. Alilitazama kopo, akanitazama mimi, akaelekeza kidole kitandani. Nilirudi na shuka nzito ya kufunika kitanda, uso ukiwaka, na kwenye daftari nikaongeza mstari wa pili. Mstari wa tatu ulikuja Jumapili moja tulipoandaa kuku, wali, ndizi za kukaanga na mboga za aina tatu, na Ba Mwansa akaingia, akasimama mbele ya meza, akasema kwa Kiingereza maneno ambayo ndani yake nililisikia neno lilelile. Nilimuuliza alichosema. Alisema amesifu wingi wa chakula mezani.

Nilimpelekea Mama Ngalula habari hizi jikoni, nikiwa nimeudhika na lugha ambayo neno moja linapakwa, linafunikwa na kuliwa. Yeye alilifikiria akiwa anachagua maharage. Mwishoni alisema kwamba kwake jambo ni wazi. "Siagi inakaa juu ya mukate. Shuka inakaa juu ya kitanda. Chakula inakaa juu ya meza. Spredi njo kitu ya kukaa juu ya kitu." Nilivutiwa sana na maelezo hayo. Hata leo, baada ya miaka mingi ya kufundisha, nadhani ni maelezo ya mtu mwenye akili nyingi ambaye hakuwa amepewa mifano ya kutosha. Nikayaandika chini ya mistari yangu mitatu, nikapiga mstari kwa rula.

Katikati ya mvua, mawe ya Madamu Ruth yalianza kuota ukungu ndani ya mifuko. Kwa ruhusa ya Papa Sylvain alichukua meza ndefu yote. Wageni wengine wakahamishiwa veranda kula, naye akatandaza kitambaa cha meza cheupe na juu yake akapanga mawe na madonge ya udongo kwa safu, kila kimoja juu ya kipande kidogo cha karatasi chenye namba. Safu zilifuata njia aliyotembea kule Kambove, hatua kwa hatua, wiki tatu za kazi. Kwa siku mbili nilizunguka meza hiyo kwa adabu bila kugusa, na Mama Ngalula alikuwa anakuja mlangoni, mikono imekunjwa, anatazama. Siku ya tatu nilipoingia na kitambaa changu cha kupangusa nilikuta karatasi imewekwa ukingoni mwa meza. Ilikuwa na maneno matano: Please keep these spread out. Madamu Ruth na Ba Mwansa walikuwa wameshaondoka. Papa Sylvain alikuwa ametoka kushughulikia vibali mjini. Nilimwita Mama Ngalula, naye akaja akifuta mikono kwenye aproni, akauliza karatasi inaomba nini.

Nilimsomea neno baada ya neno, kama mwalimu. La kwanza ni tafadhali. La pili, keep, nilijua ni kuweka. La tatu ni hivi. La mwisho, out, ni nje. Na lile la nne lilikuwa rafiki yetu wa zamani, tena safari hii lilikuwa juu ya meza, kwa hiyo ni kitambaa cha meza. Nikaunganisha: tafadhali wekeni hivi, pamoja na kitambaa, nje. Jua lilikuwa limetoka baada ya siku nyingi za mvua, na ilionekana busara kabisa kwamba anataka vitu vyake vikaukie juani. Mama Ngalula alinitazama, akaitazama meza, akasema basi tufanye. Nilikusanya vile vipande vya karatasi kimoja kimoja, nikavipanga vizuri kama karata ili upepo usivichukue. Yeye alishika ncha nne za kitambaa, akainua mzigo wote kifuani, akautoa hadi verandani taratibu sana, kama anavyobebwa mtoto aliyelala. Tuliufungua juani. Mawe yalikuwa yameviringika pamoja katikati, rundo zuri safi, na karatasi zake nimezifunga kwa mpira pembeni. Nilijisikia nimefanya kazi nzuri.

Madamu Ruth alirudi saa kumi. Aliliona rundo kutoka kwenye gari. Alipanda ngazi za veranda, akapiga magoti bila kuvua kofia, akaokota jiwe moja, kisha jingine, kisha akaketi sakafuni kabisa na mgongo ukutani. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Ba Mwansa alikuja akasimama nyuma yake, akavua kofia kama mtu aliyefika msibani. Papa Sylvain alitoka mbio, akaelewa baada ya muda kwamba kazi ya wiki tatu imechanganyika, na akageuka kwetu akauliza kwa Kifaransa nani amefanya hivi. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango, naye Mama Ngalula alikuwa nyuma yangu. Nilisikia mkono wake ukinishika begani na kunisogeza pembeni ili apite. "Njo minye, Papa. Minye sijue kusoma. Niliona kitambaa ilichafuka, nikaitosha inje." Papa Sylvain alimwambia, mbele ya wageni wote, avue aproni aende nyumbani na asirudi. Aliivua, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kiti. Nami mtafsiri wa nyumba, niliyekuwa nimeyasoma yale maneno matano kwa sauti kubwa, sikusema neno.

Siku mbili zilizofuata nilipika mimi. Bukari yangu ilikuwa na madonge, kuku wangu alitoka mwekundu karibu na mfupa, na wageni walikula mikate na sadini bila kulalamika, jambo lililoniumiza zaidi. Jikoni nilikuta ile sufuria ya uzi mwekundu imesafishwa na kugeuzwa. Sikuitumia. Nilijieleza kwa namna nyingi: kwamba yeye ni mpishi mzuri atapata kazi popote, kwamba mimi nikifukuzwa nitarudi kwa baba nikiwa nimeaibika, kwamba hata hivyo ni yeye aliyebeba kitambaa. Leo mwanafunzi akija na sababu tatu za kosa moja, huwa najua papo hapo kwamba hakuna hata moja anayoiamini. Jioni ya pili, nikiwa napangusa meza ambayo sasa ilikuwa tupu, nilimsikia Madamu Ruth akizungumza na Papa Sylvain verandani, naye Ba Mwansa akiwatafsiria kwa Kifaransa chake cha barabarani. Alikuwa anauliza jambo dogo tu. Alisema haelewi. Kama yule mama hajui kusoma, aliwezaje kufuata karatasi hadi kutoa vitu nje? Papa Sylvain alisema wanawake wa jikoni hawana mantiki. Madamu Ruth alikohoa, na mimi ndani nikasimama na kitambaa mkononi mpaka waliponyanyuka.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Kikula kwa miguu. Mama Ngalula alikuwa uani anaanika mihogo juu ya mkeka, anaipanga vipande vikiachana ili kila kimoja kipate jua. Hakushangaa kuniona. Alinisogezea beseni, nikapiga magoti nikaanza kupanga naye. Nilipomwambia nitakwenda kusema ukweli, alikataa bila kuinua macho. Alisema watoto wake wakubwa watamsaidia, kwamba yeye atapika popote penye moto. "Weye iko na masomo mbele. Ukifukuzwa na jina mubaya, nani atakukamata tena?" Nilimjibu kwamba nikibaki na jina zuri la namna hii sitaweza kulala nalo nyumba moja. Hapo ndipo aliponitazama. Akasema basi niende, lakini nile kwanza, na akanipa mihogo ya kuchemsha na karanga, akasimama mbele yangu mpaka nikamaliza.

Nilimkuta Madamu Ruth chumbani mwake, mawe yamejaa sakafuni, anajaribu kuyatambua kwa daftari lake la safari. Kiingereza changu kilinikimbia chote. Nilichoweza ni kusema "Mimi" nikijigusa kifua, kisha nikampa daftari langu, ukurasa wenye ile mistari mitatu na maelezo ya Mama Ngalula chini yake. Alimwita Ba Mwansa amsomee Kiswahili. Walisoma pamoja, vichwa vimeinama, na nikaona bega la Ba Mwansa likianza kutikisika, kisha Madamu Ruth naye akafunika mdomo kwa mkono. Hawakunicheka kwa ubaya. Madamu Ruth alipotulia, alifunga ngumi mbele yangu, kisha akaifungua polepole mpaka vidole vyote vikawa mbali mbali, akalisema lile neno. Akaokota mawe matano yaliyokuwa pamoja, akayaachanisha juu ya shuka ya kitanda, akalisema tena: karatasi ilikuwa imeomba mawe yaachwe hivyo, kila moja mahali pake. Nikaona siagi inayotoka katikati ya mkate kwenda pembeni, shuka inayokunjuliwa, mihogo ya asubuhi ile juu ya mkeka. Wanafunzi wangu hawapendi ninapowaambia kwamba neno hili halina neno moja la Kiswahili. Kitanda tunatandika, mkate tunapaka, mihogo tunaanika, habari tunaeneza, na watu wanatawanyika. Mwingereza anaona kitu kimoja pale tunapoona vitano, na hakuna kati yetu aliyekosea. Ila mtu anahitaji kuambiwa.

Madamu Ruth alitaka Mama Ngalula arudishwe. Papa Sylvain alikataa kwanza, akisema neno la msimamizi likirudishwa mara moja, nyumba imekwisha. Alinikaripia mimi kwa robo saa nzima, na nilisimama nikapokea. Mwishoni Ba Mwansa alimweleza kwa upole kwamba Madamu atakula kwingine pamoja na wageni wenzake wa kampuni. Papa Sylvain alikwenda dirishani, akatazama malori ya chokaa, kisha akatangaza kwamba Mama Ngalula hajawahi kufukuzwa, alikuwa likizo, na likizo yake imeisha leo. Mama Ngalula aliporudi mchana huo, alimwamkia Papa Sylvain kama kawaida, akamshukuru kwa likizo, akafunga aproni. Nilichotarajia ni kwamba ataingia jikoni. Badala yake aliomba kitambaa cheupe, akakitandaza juu ya meza ndefu, akaniambia nimwambie Madamu alete mawe.

Kwa siku nne nilishuhudia kitu ambacho sijaona tena. Mama Ngalula alikuwa ametazama meza ile siku mbili tu kutoka mlangoni, lakini alikuwa ameitazama kama anavyotazama meza ya wageni, nani ameketi wapi. Alishika jiwe, akalipima mkononi, akasema hili la kijani lilikuwa karibu na dirisha, la pili kutoka kona. Hili lenye rangi ya ini lilikaa mbele ya jagi la maji. Haya mawili ni ndugu, walikuwa jirani, huyu mdogo upande wa kushoto. Mimi nilitafsiri, Ba Mwansa alinirekebisha, na Madamu Ruth alilinganisha na daftari lake, mwanzoni kwa mashaka, kisha akiandika haraka bila kuinua kichwa. Wakati wa chakula Mama Ngalula alitoka, akapika, akarudi na harufu ya kitunguu mikononi akaendelea pale alipoachia. Wageni wengine walikuja na sahani zao kusimama kutazama. Hata Papa Sylvain alivuta kiti. Yalibaki mawe saba ambayo hakuna aliyeweza kuyapa mahali, na Mama Ngalula hakubahatisha hata moja. Alisema hayo hakuyaona, labda yalifichwa na chombo cha maua.

Kwa ajili ya hayo saba, Madamu Ruth ilibidi arudie kipande cha njia yake, na siku ya Ijumaa akatuomba sote wawili twende naye Kambove. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mama Ngalula kuondoka jikoni siku ya kazi. Alivaa kitenge kipya na viatu vya kanisani. Tulifika kwenye uwanda wa majani mafupi na udongo mwekundu, mashimo ya wachimbaji yakionekana kwa mbali, na kazi yetu ilikuwa kutembea mbele pamoja tukitafuta vijiti alivyochomeka Madamu kuonyesha njia yake. Ba Mwansa alitupanga, kisha Madamu Ruth akasema kwa sauti yale maneno mawili, spread out. Niligeuka nimtafsirie Mama Ngalula. Hakuwepo tena kando yangu. Alikuwa ameshaanza kwenda kushoto peke yake, viatu vya kanisani vikizama kwenye matope, akihesabu hatua kwa mdomo, na alipoona umbali unatosha akasimama, akanigeukia, akanipungia mkono nami nisogee kulia.

Nilibaki nyumba ile hadi mvua nyingine, kisha nikaenda Lubumbashi kusomea ualimu. Mama Ngalula alipika pale miaka mingine saba. Haya yote nimeshamsimulia mjukuu wake kwa kifupi. Ila kuna jambo moja ambalo sikuwahi kulisimulia kwa mtu, na Jumapili iliyopita, msichana alipotoka kwenda kuosha vyombo, nilimwambia Mama Ngalula mwenyewe. Nilimwambia kwamba asubuhi ile mbele ya meza sikuwa na uhakika. Nilipofika kwenye lile neno nilijua halikai vizuri, nilijua pia Ba Mwansa angerudi jioni na ningeweza kungoja. Lakini yeye alikuwa amenitazama kwa imani kubwa, nami nikaona aibu kusema sijui.

Alinisikiliza akiwa anachokoa mfupa wa samaki. "Nilijua," akasema. "Ile karatasi ulisoma mara tatu. Na jasho ilikuwa inakutoka hapa." Akajigusa shingo.

Nilimuuliza kwa nini basi alikubali.

"Juu ulikuwa peke yako na ile karatasi. Nikawaza, acha nikamate kitambaa. Kama tunakosa, tukose wawili."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwa nini aliongeza chumvi kwenye mchuzi. Aliweka mfupa kwenye sahani, akanyoosha mkono nimshike anyanyuke, na tukatoka polepole hadi uani, ambako jua la alasiri lilikuwa bado lina nguvu, tukakaa.